Laki Moja na Nusu kwa Mark 4 ya Babu

Nilikuwa na laki moja na nusu ya kufufua bunduki kuukuu. Kabla sijagusa hata skrubu moja niliigawa mafungu mawili: laki moja kwa yale yanayoweza kumuua mtu, elfu hamsini kwa mengine yote. Wengi wanaofufua bunduki kuukuu hufanya kinyume. Pesa huishia kwenye vanishi, kwenye kung'arisha shaba, kwenye mkanda mpya wa ngozi, bunduki ikapendeza kweli, na ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, hakuna aliyechungulia. Mimi ni mwalimu wa kemia. Lililokuwa karibu na taaluma yangu nilifanya mwenyewe, lililokuwa mbali nikamlipa anayelijua.

Bunduki ni ya babu mzaa mama, wa Nyangao, Mkoa wa Lindi. Babu yu hai, ana nguvu zake, na leseni ina jina lake. Nalitaja hilo mapema kwa sababu najua wapo watakaosoma huku wana mtutu fulani darini ulioachwa na marehemu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mzaha na silaha isiyo na leseni, hata kama ni kuukuu, hata kama ina kutu mpaka haifunguki. Umeikuta baada ya matanga? Hiyo peleka polisi kwanza, habari za msasa na mafuta zije baadaye. Kazi yangu yote ilifanyika uani kwa babu, mwenyewe ameketi kwenye kiti chake cha kamba akinisimamia, na ilipobidi bunduki isafiri kwenda kwa fundi, ilisafiri na yeye na karatasi zake.

Anayeuliza mzee wa kijijini anataka bunduki ya nini hajawahi kulima mihogo huku. Nguruwe pori akiingia usiku mmoja, asubuhi unakuta shamba kama limepigwa trekta. Ngedere ni mchana, nguruwe ni usiku, na mwenye shamba analala dunguni miezi mizima kulinda. Hapo ndipo panapokuja balaa jingine, maana nguruwe anafuatwa na simba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu Watanzania zaidi ya 560 waliouawa na simba tangu 1990, wengi wao huku Kusini, na watafiti wakaona kuwa mashambulizi yanakwenda pamoja na wingi wa nguruwe pori mashambani. Babu hakuhitaji utafiti. Kwao walikuwa wanajua kwamba mwaka wa nguruwe wengi ni mwaka wa kutotembea usiku. Bunduki aliipata enzi za Mwalimu, kutoka kwa bwana nyama mmoja aliyekuwa anahama, kwa taratibu za leseni za wakati ule, na kwa miaka mingi alikuwa ndiye mtu wa kuitwa kitongoji kizima.

Ni Mark 4. Wazee wa mgambo wanaijua vizuri, ile bunduki ya Kiingereza ya risasi ya .303, boliti (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma) ya kuvuta kwa mkono, magazini ya risasi kumi. Hii ya babu ilishapunguzwa mti wa mbele zamani ikawa nyepesi kidogo, ya kutembelea porini. Sisi wajukuu tulikua tukiiita bunduki ya Mwingereza. Nilipofuta uchafu upande wa kushoto wa mwili wa chuma, juu kidogo ya mti, zikatokea herufi: U.S. PROPERTY. Mali ya Marekani. Karibu yake herufi S ndani ya mraba, na kwenye namba ya usajili herufi C. (Namba yenyewe siiandiki hapa, ni ya leseni.)

Babu alipoona nimekaa kimya akauliza, "Kuna nini, mke wangu?" Nikamwambia bunduki yake Mmarekani. Akacheka. "Basi miaka yote namtukana Mwingereza bure."

Maelezo yake ni rahisi. Mwaka 1941 Uingereza ilikuwa vitani, viwanda vyake vinapigwa mabomu, pesa zinaisha. Marekani ikapitisha sheria ya kuwaazima washirika wake silaha, na kampuni ya Savage ikaanza kutengeneza bunduki za Kiingereza kwenye kiwanda cha Chicopee Falls, jimbo la Massachusetts. C ya kwenye namba ni ya Chicopee. Zilikuwa za kuazimwa, ndiyo maana zikapigwa muhuri wa mali ya Marekani. Zilitengenezwa zaidi ya milioni moja kabla kazi haijasimama mwaka 1944. Nalieleza hili kwa sababu fundi wa kwanza niliyemwonyesha, fundi wa kuchomelea vyuma, alinishauri tupitishe grainda "zile kwaruzakwaruza" ziondoke, chuma kiwe laini. Zile kwaruzakwaruza ndizo cheti cha kuzaliwa cha bunduki. Ukizisaga umebaki na chuma kisicho na kwao, na siku ya ukaguzi namba isiyosomeka itakuletea maneno na askari.

Risasi yake, hata hivyo, ina historia hapa hapa ndefu kuliko bunduki. Nyangao na Mahiwa ni pua na mdomo. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck na jeshi la Waingereza yalipigana pale vita ambayo kwa siku chache hizo ilikuwa miongoni mwa mibaya kabisa Afrika Mashariki. Upande wa Waingereza peke yake waliouawa na kujeruhiwa walipita 2,000, wengi wao askari Waafrika, wakiwemo wa kutoka Nigeria. Waingereza na KAR, jeshi lao la askari Waafrika wa Afrika Mashariki, walipiga .303, risasi yenye ukingo unaochomoza kwenye kitako cha ganda. Askari wa Mjerumani, vita ilipoanza mwaka 1914, wengi walikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871 zenye baruti ya moshi. Ukipiga, wingu linapanda na kila mtu anajua ulipo. Silaha mpya ziliwafikia kwa meli zilizopenya mzingo wa Waingereza, na mojawapo, Marie, ilitia nanga Ghuba ya Sudi, hapa hapa Lindi, Machi 1916. Shehena ikaondoka pwani vichwani mwa wapagazi. Lettow-Vorbeck akapata jina kwa vita ile. Wapagazi hawana hata orodha.

Kwa hiyo mtoto wa Nyangao akiokota ganda la shaba lenye ukingo, kijani kwa uzee, ameokota ndugu wa risasi za babu. Kipimo ni kile kile.

Sasa hali niliyoikuta. Bunduki ilikuwa imekaa miaka kadhaa bila kupigwa, ndani ya mfuko wa ngozi, nyuma ya kabati, chumba chenye ukuta wa udongo. Ngozi ndiyo adui mkubwa hapo. Inanyonya unyevu na ina chumvi za kutengenezewa, kwa hiyo unakuwa umeifunga bunduki kwenye kitambaa kibichi chenye chumvi. Palipogusana na mshono wa mfuko kulikuwa na mstari mwekundu wa kutu kutoka nyuma hadi mbele. Boliti ilivutika kwa shida. Mti wa mbele ulikuwa na ufa. Kitako hakikuwa cha Marekani kabisa: ni mninga, kilichongwa miaka ya sabini na seremala aliyefundishwa useremala kwa mapadri wa Ndanda, baada ya kile cha awali kuvunjika babu alipoanguka nayo mtoni. Kilikuwa cheusi kwa jasho na mafuta ya injini ambayo babu alikipaka kila Idi.

Kufungua kulikuwa kwa subira tu. Skrubu zilizoganda nilizilowesha dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, nikaziacha zilale, nikazigonga kidogo kichwani kwa kipande cha shaba, nikaziacha tena. Bisibisi za dukani zimechongoka ubavuni kama kabari, ukizungusha kwa nguvu zinapanda na kuchana kichwa cha skrubu. Nilinunua moja ya bei rahisi nikaisugua kwenye jiwe la kunolea mpaka ncha ikawa na kuta zilizonyooka na kujaa mfereji wa skrubu sawasawa. Kama kuna jambo moja la kuiga katika makala hii kwa mtu asiye na pesa, ni hilo. Bisibisi ya elfu mbili iliyonolewa vizuri inazidi seti ya laki iliyotoka kiwandani.

Halafu laki moja ikaondoka. Tulimpelekea fundi wa silaha mwenye leseni, mzee mtaratibu mwenye miwani miwili, moja usoni na moja kwenye paji. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima nafasi kati ya uso wa boliti na mdomo wa chemba. Kwenye .303 ule ukingo wa ganda ndio unaoishikilia risasi isizame. Nafasi ikiwa ndogo mno boliti haifungi, ikiwa kubwa mno ganda linarudi nyuma wakati wa kulipuka, linakatika karibu na kitako chake, na gesi ya moto inatafuta njia ya kutokea, ambayo mara nyingi ni karibu na jicho. Kuna vipimo vya chuma vya kazi hiyo, mfano wa sarafu nene. Cha milimita 1.63 boliti lazima ikikubali, cha milimita 1.88 lazima ikikatae.

Ya babu ilikuwa ikifunga kwenye kikubwa, taratibu, bila nguvu. Nilitazama ile boliti ikishuka mpaka chini nikakumbuka kwamba yule mzee aliyekaa kwenye benchi la nje alikuwa akiweka shavu lake hapo hapo.

Uzuri wa Mark 4 ni kwamba walioibuni walilifikiria hilo. Kichwa cha boliti kinafunguka kama skrubu, na vilitengenezwa vya namba 0, 1, 2 na 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Chake kilikuwa 1. Fundi akachimba kwenye kopo la vyuma vya zamani, akatoa namba 2, akakijaribu, akakirudisha, akatoa namba 2 nyingine, akapima, safari hii boliti ikakataa kipimo kikubwa. Kisha akanionyesha jambo ambalo nisingelijua maisha yangu yote. Aina hii ya Savage ina mwanya mdogo uliokatwa kwenye reli ya boliti, wa kutolea kichwa. Kona ya mwanya huo ina tabia ya kumeguka kwa miaka, na ikimeguka sana kichwa cha boliti kinaweza kuruka nje ya reli. Ya babu ilikuwa nzima. Akachungulia mtutu, akaniita nichungulie. Nikaona mifereji miwili tu ikizunguka kuelekea kushoto.

"Imelika?" nikauliza, maana nilisoma kwamba huwa mitano.

"Haijalika. Wakati wa vita walikata miwili kuokoa muda. Inapiga vilevile."

Kwa hiyo laki ilinunua kichwa cha boliti kilichotumika, upimaji, nauli za watu wawili na chai. Sijutii hata senti.

Mbele ya chemba ndani ya mtutu kulikuwa na vishimo vidogo vya kutu, na sababu yake ni ya somo langu. Risasi nyingi za zamani za kijeshi zilikuwa na kiwashio chenye klorati ya potasiamu. Ikiungua inabaki kloridi ya potasiamu, ndugu wa karibu wa chumvi ya jikoni. Chumvi hiyo haiyeyuki kwenye mafuta. Unaweza kupitisha kitambaa chenye mafuta mara mia, kikatoka cheupe, ukaridhika, na chumvi ipo pale pale imefunikwa, inasubiri unyevu wa masika. Kinachoiondoa ni maji, na yakiwa ya moto ni bora, kwa sababu yanaiyeyusha na pia yanaupasha mtutu ukauke wenyewe. Askari wa Kiingereza walikuwa wakimimina maji ya moto kwa faneli mtutuni baada ya kupiga. Babu alifundishwa mafuta tu. Sasa birika la chai lina kazi ya pili, na bibi hajafurahi.

Maji hayo hayo ya moto ndiyo yaliyofanya kazi kubwa ya nje, na hapa naomba nikae kidogo.

Kutu nyekundu ni oksaidi ya chuma iliyoshika maji. Inavimba, inameguka, na ikimeguka inaacha chuma kipya wazi, kinaliwa nacho. Ipo oksaidi nyingine, nyeusi, ile ambayo sumaku huivuta. Hii imeshikana na chuma, inashika mafuta vizuri, na inakuwa kama ngozi. Ukichemsha chuma chenye kutu nyekundu kwenye maji safi, ile nyekundu iliyo jirani na chuma inageuka nyeusi. Mafundi wa Ulaya wa bunduki za bei mbaya waliitumia njia hii makusudi. Wanaacha mtutu ushike kutu nyembamba, wanauchemsha, wanasugua, wanarudia mpaka weusi unakolea. Mimi sikuwa na haja ya kuitengeneza kutu. Ilikuwepo ya kutosha.

Chombo kilikuwa pipa la mafuta lililopasuliwa kwa urefu, ambalo mama mmoja jirani alikuwa akilitumia kuchoma mahindi. Mtutu pamoja na mwili wake, bila miti, ulilala humo ukaenea. Nililichoma tupu kwanza mpaka mabaki ya mafuta yakaisha, nikalisugua kwa mchanga. Bati la mabati nililikataa kwa sababu zinki yake inaingilia kazi. Maji ni ya mvua, yaliyokingwa kwenye tangi, kwa kuwa ya kisima yana madini yanayoacha madoa meupe kwenye chuma. Chuma nilikiosha kwa sabuni ya kipande na maji ya moto, nikakipangusa kwa spiriti, na kuanzia hapo sikukigusa kwa mkono mtupu. Alama ya kidole chenye mafuta inatosha kuzuia maji yasifike. Nikakining'iniza kwa waya kisiguse chini, kuni zikakolezwa.

Nusu saa hivi inatokota. Mwanzoni unaona maji tu na povu la kahawia. Kisha ile rangi ya udongo wa barabara inaanza kuzama, inapita kwenye zambarau iliyofifia, halafu unatoa chuma kikiwa cheusi cha moshi, chenye unga laini juu yake kama masizi. Kinajikausha kwa joto lake. Unga huo unasuguliwa kwa pamba ya chuma, ile nyembamba kabisa, ambayo nayo uioshe kwa petroli kwanza kwa sababu dukani inakuja na mafuta. Chini ya unga kuna weusi wa kweli, mtulivu, unaelekea buluu ukiugeuza juani. Unachemsha tena, unasugua tena, mpaka hakuna nyekundu inayojitokeza. Mwisho mafuta, chuma kikiwa bado cha moto.

Palipokuwa na mstari wa mshono wa mfuko bado pana vishimo. Vimekuwa vyeusi, havili tena. Kuvifuta ningelazimika kusaga chuma chote kishuke kufikia kina chao, na herufi za Chicopee zingeondoka navyo.

Joto la maji yanayochemka haliwezi kudhuru chuma cha bunduki. Hilo ni muhimu kwa sababu nililetewa mapendekezo mengine mengi, kila aliyepita njiani alikuwa na lake. Kukipasha kwenye mkaa mpaka kiwe chekundu halafu kukizima kwenye oili, "kinakuwa cheusi kizuri". Ni kweli kinakuwa cheusi, na ugumu uliowekwa kiwandani kwa hesabu unaharibika pale pale, sehemu ile inayozuia mlipuko ikawa haiaminiki tena. Hilo lisijaribiwe hata kwa utani. Ndimu na soda za chupa zinaondoa kutu, na zinaondoa na weusi uliobaki, zinakiacha chuma kijivu na chenye kiu. Mbirimbi nilizitumia, ila kwa bamba la shaba la kitakoni tu, ambalo liling'aa mpaka babu akataka nilipunguze. Umeme wa betri kwenye maji ya magadi unafanya kazi nzuri kwa magadi safi ya maabara, lakini magadi ya sokoni yana chumvi ya kawaida ndani yake, na mimi nilikuwa natoka kupambana na chumvi.

Mti. Mtu wa makumbusho angekitupa kile kitako cha mninga akatafuta cha asili, na kwa bei ninazozijua angetumia zaidi ya bajeti yangu yote pamoja na nauli. Hata ningekuwa na pesa nisingekibadilisha. Mninga ni mti bora kwa kazi hii. Ukikauka hausinyai wala kupinda ovyo, uzito wake unakaribiana na mjozi wa Ulaya, na fundi wa Ndanda alikifuata kile cha zamani kwa jicho mpaka kwenye mkunjo wa bamba. Kuna walioniuliza kwa nini tusiweke mpingo, tuko nchi ya Wamakonde. Mpingo unazama majini. Bunduki ingekuwa nzito upande mmoja, na ubishi wa mpingo unakuja na tabia ya kupasuka ukipigwa.

Mafuta ya injini ya miaka arobaini yalitolewa na jua. Nilikifunga kitako kwenye mfuko mweusi wa nailoni, nikakiweka juu ya paa la bati mchana, jioni mafuta yakawa yamechuruzika nje, nayapangusa kwa spiriti na kukipaka chaki iliyosagwa, ile ya ubaoni, inyonye yaliyobaki. Kazi hii inachosha na inanuka. Mabonde yaliyopigwa na mawe niliyainua kwa kitambaa kibichi na pasi ya mkaa, mvuke unaingia kwenye nyuzi za mti zilizolala nazo zinasimama. Palipokatika nyuzi hapainuki, paache. Ufa wa mti wa mbele niliujaza gundi ya Araldite, nikaubana kwa mipira ya tairi la baiskeli. Msasa nilitumia mdogo sana, mlaini, na sikuugusa kabisa karibu na chuma, kwa sababu mti ukishuka chini ya chuma kinachopakana nao, hata mtu asiyejua ataona kuna mkono wa haraka ulipita.

Juu yake mafuta ya linsidi, tone dogo kiganjani, unasugua mpaka kiganja kinapata moto, unaacha siku nzima au mbili, unarudia. Babu alitazama hilo kwa siku kadhaa kisha akasema, "Bunduki si mwali, mbona unaisinga hivyo?" Bibi akaangua kicheko jikoni.

Na kwa kuwa tuko Lindi lazima niseme kuhusu mafuta ya maganda ya korosho. Ni meusi, mchwa anayakimbia, yakikauka yanakuwa magumu kama rangi, na viwanda duniani vinayatumia kwenye rangi na vanishi. Bei ni karibu na bure ukiwa na jirani anayebangua. Lakini mabichi yanaunguza ngozi vibaya, waulize wanawake wanaobangua kwa mkono vidole vyao. Kitu kinachowekwa shavuni hakipakwi hayo. Niliyatumia, kwa glavu na brashi, kwenye rafu ya mbao ambayo bunduki inakaa.

Kuna jambo dogo la kurudishia miti ambalo watu huliruka. Kwenye Mark 4 isiyokatwa, mti wa mbele unatakiwa uusukume mtutu juu kidogo karibu na mdomo, kwa nguvu ya kilo moja hadi tatu hivi, na bunduki ikipoteza msukumo huo risasi zinatawanyika. Ya babu ilishakatwa mti, kwa hiyo msukumo huo haupo, na badala yake fundi alitaka mtutu uwe huru kabisa mbele. Nilipitisha karatasi ya daftari kati ya mti na chuma. Ilipokwama nilikwangua kwa kipande cha kioo mpaka ikapita bila kusita. Kazi hiyo haikugharimu kitu.

Fundi ndiye aliyeijaribu, kwake, kwa taratibu zake, kwanza ikiwa imefungwa na kuvutwa kwa kamba kutoka mbali. Maganda yalitoka mazima, bila pete ing'aayo karibu na kitako, ambayo ndiyo dalili ya ganda linalotaka kukatika. Risasi za .303 ni ghali na hazipatikani kwa urahisi, kwa hiyo babu hakupiga hata moja siku ile. Aliyapokea maganda, akayaangalia moja moja, akayatia mfukoni.

Mfuko wa ngozi tumeuchoma. Sasa bunduki inalala kwenye kabati la chuma lenye kufuli, imepakwa mafuta, mdomo ukitazama chini ili yakishuka yasiingie kwenye mti. Masika inapanguswa kila wiki, na mwenye kazi hiyo ni binamu yangu wa darasa la tano, ambaye anaruhusiwa kushika kitambaa tu, babu akiwa ameshika bunduki. Kwenye elfu hamsini ilibaki elfu saba. Babu anataka mkanda. Nimemwambia mkanda wa ngozi siuleti nyumba ile, atapata wa turubai, na tunaendelea kubishana.